Kuchoma diski zitakazodumu: mwongozo kamili kwa mkazi wa Tanga

Kaseti ya taarabu ya enzi za Black Star na Lucky Star ikishahamishiwa kwenye kompyuta, kazi ndiyo kwanza imeanza. Ile sauti sasa ni faili, na faili lazima lipate pa kukaa. Flashi hupotea, simu huibwa, hard disk ikianguka mara moja yote yaliyomo yanaweza kwenda nayo. Diski ya kuchoma, yaani CD, DVD au Blu-ray tupu inayoandikwa kwa leza, haina mota wala chipu ya kufa, haifutiki kwa kidole kilichoteleza, na ikishafungwa hakuna kirusi kinachoweza kuandika juu yake. Kwa hiyo studio za harusi za Ngamiani, misikiti na makanisa yenye mawaidha na mahubiri ya miaka mingi, na familia zenye picha za wazee wao, bado wana sababu nzuri ya kuitumia.

Lakini nyumba nyingi zina DVD ya harusi inayokwama katikati au isiyosomeka kabisa. Mara nyingi diski hiyo haikufa kwa uzee. Ilikuwa ya rangi dhaifu tangu dukani, au draivu iliyoichoma haikuijua na ikaipiga leza kwa nguvu isiyo yake, kisha ikawekwa kwenye bahasha laini ya plastiki ndani ya chumba kinachopigwa na upepo wa bahari. Diski nzuri kwenye draivu isiyopatana nayo hutoa kazi mbovu, na draivu nzuri haiwezi kuokoa diski duni. Vitu hivi viwili hununuliwa, hupimwa na huaminiwa kama jozi.

DATA IMELALA WAPI

CD, DVD na Blu-ray zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, ila data imelala mahali tofauti, na hapo ndipo panapoamua jinsi ya kuishika.

Kwenye CD, leza hupenya plastiki yote hadi juu. Data iko chini kidogo tu ya lebo, imefunikwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kusuguliwa ukatoka. Wa upande wa maandishi umeshachukua data yenyewe na hauna dawa. Ukiona tundu la mwanga unapoinua CD kuelekea dirishani, kioo chake, yaani tabaka linaloakisi leza, kimebanduka hapo.

DVD ni plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, data ikiwa katikati. Inavumilia mikwaruzo vizuri, lakini inachukia kukunjwa. Ukiitoa kwenye kava kwa kuivuta ukingo bila kubonyeza kitufe cha katikati, unaivuta gundi, na gundi ikiachia pembeni unyevu huingia.

Blu-ray data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa kusomea, chini ya ngozi ngumu. Kwa sababu matabaka yake hayalingani juu na chini, plastiki ikinywa unyevu kwa ghafla au ikikaushwa kwa ghafla diski hujipinda kidogo, nayo draivu hushindwa kuifuata. Ukitoka nayo kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda chumba cha kawaida, iache ndani ya kava lake kwa muda wa saa mbili kabla ya kuichoma au kuisoma.

KUCHAGUA DISKI

CD-R na DVD-R hutumia rangi ya kemikali inayoungua kwa leza. Nyuma ya rangi kuna kioo cha madini, kwa kawaida fedha. Fedha hushika kutu ikikutana na salfa na unyevu, na katika mji wa bandari unyevu haukosekani. Kioo cha dhahabu hakishiki kutu, ila diski zake ni ghali na si rahisi kuzipata.

Kwa CD, rangi huonekana kwa macho ukigeuza upande wa chini. Rangi iitwayo sainini huonekana kijani chenye bluu na ndiyo dhaifu zaidi mbele ya mwanga. Azo ni bluu iliyokolea. Fthalosainini ni nyepesi, karibu haina rangi, na ndiyo inayostahimili mwanga vizuri kuliko zote. Kwa kuhifadhi chagua moja ya hizo mbili za mwisho. Kwa DVD macho hayasaidii kwa sababu karibu zote ni zambarau.

DVD-R na DVD+R zote zinafaa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua DVD+R, kwani mfereji wake, ile njia nyembamba ya mzunguko inayofuatwa na leza, huipa draivu alama za mahali zilizo imara zaidi. Za kufutika, yaani RW, acha kwa kazi za muda. Za matabaka mawili za GB 8.5 pia ziache: tabaka la pili huandikwa kwa kupenya la kwanza, makosa huongezeka, na diski mbili za kawaida zina usalama zaidi kuliko hiyo moja.

Blu-ray ina mgawanyiko mmoja muhimu kuliko jina lolote la boksi. Aina inayoitwa HTL huandikwa kwenye tabaka la madini, bila rangi ya kemikali. Mwanga wa jua hauidhuru kama unavyodhuru DVD. Aina ya LTH hutumia rangi ya kemikali kama ya DVD ili iwe rahisi kutengeneza. Kwa kuhifadhi, LTH usinunue hata ukipewa kwa nusu ya bei. Igeuze: HTL chini yake ni kijivu cheusi au kahawia iliyokolea inayong'aa, LTH ina rangi ya dhahabu iliyofifia. Programu ya kuchoma nayo huandika LTH pale inaposoma aina ya diski.

M-DISC ni diski ambayo tabaka lake halina rangi ya kemikali kabisa, iliyoanzishwa na kampuni ya Millenniata ya Utah, Marekani. Toleo la DVD linahitaji draivu yenye alama ya M-DISC, kwa sababu leza ya kawaida haina nguvu ya kuichoma. Ikishachomwa, draivu yoyote ya DVD huisoma. Toleo la Blu-ray huchomwa na draivu za kawaida za Blu-ray. Kwa rekodi ambayo haina nakala nyingine duniani, kama sauti ya bibi akisimulia ukoo, gharama yake ni halali. Kwa video ambayo mteja bado anayo kwenye simu, HTL ya kawaida yatosha.

Sasa boksi. Jina lililo juu ya boksi halisemi nani aliitengeneza diski. Kampuni moja huweza kununua kutoka viwanda viwili tofauti na kupakia kwenye kopo linalofanana. Kinachosema ukweli ni msimbo wa kiwanda uliochapwa ndani ya mfereji wa diski, unaosomwa na programu. Kwenye Windows fungua ImgBurn, weka diski tupu, tazama upande wa kulia. Kwenye Linux andika:

dvd+rw-mediainfo /dev/sr0

Msimbo MCC 004 ni DVD+R ya 16x (kasi ya juu ya kuichoma) ya teknolojia ya Mitsubishi Chemical, inayouzwa kwa jina la Verbatim. MCC 03RG20 ni ndugu yake wa DVD-R. TYG03 na YUDEN000 T03 ni za Taiyo Yuden wa Japani, zilizokuwa kipimo cha ubora kwa miaka mingi. CMC MAG ni ya CMC Magnetics wa Taiwan, RITEK ni ya kampuni ya jina hilo. Taiyo Yuden iliacha kutengeneza diski mwishoni mwa 2015 na teknolojia yake ikaenda CMC. Mwaka 2019 Mitsubishi Chemical nayo ilikubali kuiuzia CMC biashara ya Verbatim. Panasonic ilisimamisha Blu-ray za kuchoma mwaka 2023, Sony mwaka 2025. Kwa hiyo usidhani kopo la leo ni sawa na lile ulilolisifu miaka mitano iliyopita. Pima tena kila unaponunua shehena mpya, na andika msimbo kwenye daftari.

Msimbo nao huweza kughushiwa, na ndiyo sababu macho hayaachwi. Ishike diski tupu kwa ukingo na tundu la kati, iinamishe polepole kwenye mwanga wa dirisha. Rangi iwe moja kuanzia ndani hadi nje, bila mawingu, bila vidoa vyenye duara kama tone la mafuta kwenye mchuzi. Kwa DVD tazama ukingo wenyewe: mstari wa gundi uwe mwembamba na sawa mzunguko mzima. Ukipitisha ukucha ukahisi ngazi, nusu mbili hazikukaa pamoja. Katika kopo la 50, kagua ya juu, ya katikati na ya chini. Moja tu ikiwa na mapovu pembeni, rudisha kopo zima.

Usinunue akiba ya miaka mingi. Diski tupu ya rangi ya kemikali huzeeka hata kabla ya kuchomwa, na joto la stoo ya dukani huiharakisha. Nunua ya mwaka mmoja.

KUCHAGUA DRAIVU

Kuna draivu nyembamba za nje zinazokula umeme wa USB, na kuna draivu kubwa za kompyuta ya mezani, zinazoitwa za inchi 5.25. Kwa kazi ya kuhifadhi chagua kubwa. Kikombe chake hushika diski vizuri, fremu yake nzito hupunguza mtetemo, na umeme wake wa volti 12 hautegemei USB. Kama una laptop tu, tafuta kasha la nje la draivu ya SATA (kiunganishi cha draivu za ndani ya kompyuta) lenye adapta yake ya umeme, utie draivu kubwa humo.

Draivu nyembamba si takataka, ila ina mpaka. Tundu la USB 2 hutoa miliampea 500, la USB 3 hutoa 900, na draivu ya Blu-ray wakati wa kuchoma inaweza kutaka zaidi. Umeme ukipungua leza hudhoofika katikati ya kazi bila kukuambia. Diski inamalizika, inasomeka leo, na makosa yake ni mengi kuliko kawaida. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB au habu yenye adapta, usipitishe kwenye waya mrefu, na usitumie tundu la mbele la kompyuta ya mezani.

Unapochagua modeli, tafuta mambo haya matatu. La kwanza, femuwea yake, yaani programu iliyo ndani ya draivu yenyewe, iwe bado inatolewa au ilisasishwa hivi karibuni. Ndani ya femuwea mna orodha ya misimbo ya viwanda na namna ya kuipiga leza kila mmoja. Diski isiyo kwenye orodha huchomwa kwa kubahatisha. Sasisha femuwea kabla ya kuchoma chochote, na ufanye hivyo umeme ukiwa wa uhakika, kwani ikikatika katikati draivu hufa. La pili, kwa Blu-ray, iwe na alama ya BDXL hata kama huna mpango wa diski za GB 100, kwa sababu hizo ndizo za kizazi cha karibuni. La tatu ni uwezo wa kupima makosa. Draivu za LiteOn zimejulikana kwa hilo. Nyingi za LG huchoma vizuri lakini hazikuonyeshi hesabu ya makosa ya DVD. Mpangilio mzuri wa studio ni draivu mpya ya kuchomea, na LiteOn ya mtumba ya kupimia tu, hata kama leza yake ya kuandikia imechoka.

Ukinunua draivu ya mtumba usitosheke na kuiona ikisoma. Draivu ya Blu-ray ina leza tofauti kwa CD, DVD na Blu-ray, za nanomita 780, 650 na 405. Moja huweza kufa nyingine zikiwa hai. Nenda dukani na diski tatu zilizochomwa, moja ya kila aina, na DVD moja tupu ichomwe ukiona.

KUANDAA MAFAILI

Hamisha kila kitu kwanza kwenye hard disk ya ndani ya kompyuta. Kuchoma moja kwa moja kutoka flashi au mtandao hufanya data ikatike. Draivu za sasa husimama na kuendelea, lakini kila kituo huacha kiungo dhaifu.

Piga hesabu kabla. Sauti ya WAV ya stereo ya kilohezi 44.1 na biti 16 hula MB 10.6 kwa dakika, hivyo kaseti ya dakika 60 ni kama MB 635: inaingia kwenye CD moja bila kuacha nafasi kubwa, nazo kaseti sita zinaingia DVD moja. Kanda ya MiniDV (ya kamera ya video) ya saa moja ni takriban GB 13. Hapa wengi hujikwaa: kanda mbili ni karibu GB 26, nayo Blu-ray ya kawaida ni GB 25. Weka kanda moja kwa diski, nafasi inayobaki utaitumia kwa kinga.

Usijaze diski hadi ukingoni. Pembeni ndipo kiwanda hukosea zaidi, ndipo diski hutikisika zaidi, na ndipo unyevu huanzia. Kwa CD ishia MB 620 hadi 650, kwa DVD GB 4.1, kwa Blu-ray GB 23.

Halafu tengeneza orodha ya alama za uthibitisho, ili miaka kumi baadaye mtu aweze kujua kama faili limebadilika hata biti moja. Ukiwa ndani ya folda, kwenye Linux:

find . -type f -exec sha256sum {} + > ../orodha.sha256

Kisha ihamishie orodha hiyo ndani ya folda. Kwenye Windows, 7-Zip hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza kulia juu ya folda. Ongeza faili dogo la maandishi la kueleza: nani yumo, wapi, lini, kaseti ilitoka kwa nani. Mjukuu atakayeifungua hatajua kwamba sauti ya pili ni ya shangazi wa Pangani kama hukuandika.

Kama diski ni ya thamani, tengeneza picha ya ISO kwanza (faili moja lenye sura nzima ya diski), uipitishe kwenye programu ya dvdisaster kwa mbinu ya RS03, ambayo huongeza data ya kurekebishia kwenye nafasi iliyobaki. Acha angalau asilimia 15 kwa ajili yake. Programu hii hupenda kujaza diski yote, kwa hiyo punguza ukubwa wa diski kwenye mipangilio yake ili ukingo ubaki mtupu.

Mfumo wa mafaili: ISO 9660 pamoja na Joliet kwa CD na kwa DVD yenye mafaili madogo. Faili likizidi GB 4, tumia UDF. Kwa Blu-ray, UDF 2.50. Majina yawe mafupi, bila alama za ajabu.

KASI

Wengi wameshika kwamba polepole ndiyo salama, wakachoma kwa 1x au 2x. Ushauri huo ulifaa rangi za miaka ya tisini. Rangi za diski za 16x zimetengenezwa ziungue haraka. Leza ikikawia juu yake joto husambaa na alama hutanuka kupita mipaka yake. Kasi ya juu kabisa nayo hutikisa diski. Katikati ndipo mahali pake:

CD-R ya 52x: choma kwa 16x hadi 24x.
DVD ya 16x: choma kwa 8x, kwenye draivu nyembamba, 6x au 8x.
M-DISC ya DVD: 4x.
Blu-ray HTL ya 4x au 6x: choma kwa 4x.

Kwa kukadiria muda, 1x ya DVD ni takriban MB 1.4 kwa sekunde na 1x ya Blu-ray ni MB 4.5. Blu-ray iliyojaa kwa 4x huchukua kama dakika 23. Ikichukua mara mbili ya hapo, programu imewasha eneo la akiba, ambapo draivu huandika na kuhakiki papo hapo. Kuizima na kuhakiki mwenyewe mwishoni hutoa diski iliyoandikwa kwa mwendo mmoja. Kwa growisofs, programu ya kuchoma ya Linux:

growisofs -dvd-compat -speed=4 -use-the-force-luke=spare:none -Z /dev/sr0=picha.iso

Hizi ni kasi za kuanzia. Jozi yako ndiyo itakayoamua, na inaamua kwenye kipimo.

KUCHOMA

1. Chaji laptop ijae. Kama draivu ina adapta yake, iunganishe kwenye UPS pamoja na kompyuta. Betri ya laptop haitaisaidia draivu ya nje umeme ukikatika, na diski ya kuandikwa mara moja iliyokatizwa ni ya kutupa.
2. Zima kinga ya virusi kwa muda, sasisho za Windows na programu zote. Draivu iwe bapa juu ya meza isiyotikisika, mbali na spika ya besi na feni ya mezani.
3. Toa diski kwenye kopo wakati huohuo wa kuitumia. Ipulizie vumbi kwa mpira wa kupulizia. Usipulize kwa mdomo, mate hayaonekani.
4. Chagua kuandika picha nzima kwa mkupuo mmoja na kufunga diski mwishoni. Usiache wazi ili uongeze baadaye.
5. Weka kasi kwa mkono, usiache ijichagulie.
6. Ikimaliza, itoe diski, uirudishe, ndipo uhakiki. Kuitoa hulazimisha draivu kuisoma upya badala ya kukurudishia data iliyobaki kwenye kumbukumbu.
7. Baada ya diski mbili au tatu mfululizo, ipumzishe draivu dakika kumi na tano. Leza yenye joto hubadilisha nguvu yake.

KUPIMA

Uhakiki wa programu unasema tu kwamba leo mafaili yamesomeka. Diski hurekebisha makosa yake kimyakimya, hivyo inaweza kusomeka huku ikiwa imebakiza kidogo ianguke. Kipimo cha makosa ndicho kinachoonyesha umbali uliobaki.

Weka diski kwenye draivu inayopima, fungua Nero DiscSpeed au Opti Drive Control kwenye Windows, au QpxTool kwenye Linux, upime DVD kwa 8x. PIE ni makosa yanayorekebishwa hatua ya kwanza, PIF ni yaliyoishinda hatua hiyo. Kikomo cha PIE ni 280 na cha PIF ni 4, lakini hizo ni namba za diski iliyo hatarini. Diski mpya ya kuhifadhi ikivuka PIE 50 usiifungie kabatini. Kwa CD, C2 (makosa mazito) iwe sifuri kabisa na C1 (makosa madogo) isivuke 50 popote. Kwa Blu-ray, ambayo hesabu zake za makosa huitwa LDC na BIS, wastani wa LDC uwe chini ya 13 na BIS isizidi 15.

Soma umbo la mchoro kama unavyosoma namba. Makosa yakipanda polepole kuelekea mwisho, ukingo wa diski ni dhaifu: punguza data au kasi. Mnara mmoja mkali mahali pamoja ni vumbi au doa. Futa na pima tena. Mawimbi kuanzia mwanzo hadi mwisho ni diski iliyopinda au kikombe cha draivu kilichochoka. Ngazi ya ghafla katikati ni pale draivu ilipobadilisha kasi.

Ukinunua kopo jipya, choma tatu: moja kwa 4x, moja kwa 8x, moja kwa 12x. Pima zote. Andika daftarini msimbo, draivu, femuwea, kasi na matokeo. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, kwa kuwa umetokana na vifaa vyako.

Kama huna draivu inayopima, soma diski nzima kwenye draivu nyingine, ikiwezekana ile kongwe uliyo nayo, huku ukitazama mchoro wa kasi ya kusoma. Mstari huo uwe unapanda laini. Kila inaposhuka ghafla, draivu imerudia kusoma mahali pale.

KUANDIKA JUU YAKE NA KUITUNZA

Usibandike stika ya karatasi. Hunywa unyevu, hujikunja, huvuta diski, na ukijaribu kuibandua kwenye CD inatoka na kioo. Usitumie kalamu ya wino ya ncha ngumu. Tumia maka ya wino wa maji, na uandike kwenye duara la plastiki angavu katikati, ambapo hapana data: namba tu na mwaka. Maelezo mengine yaende kwenye kava.

Kava liwe gumu, lenye kitufe cha kati, diski ikisimama wima kama kitabu. Bahasha laini za plastiki na mikoba ya zipu hushikana na uso wa diski kwenye joto. Boksi za kadibodi na vitu vya mpira hutoa salfa inayoila fedha.

Miongozo ya kuhifadhi hutaka unyevu wa kati ya asilimia 20 na 50, na joto lisilozidi nyuzi 20 hadi 25. Nyumba ya Raskazone yenye madirisha wazi haifikii hapo mwaka mzima. Joto hutalishinda bila kiyoyozi cha saa zote, lakini unyevu unaweza kuushinda kwa kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko na silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye viatu vipya. Kwa kontena la lita 10 weka gramu 100 ndani ya mfuko wa kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo unachoweza kukisoma bila kufungua. Ikishuka chini ya asilimia 20, punguza punje. Chagua zile za rangi ya chungwa. Za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kwenye trei isiyotumika kwa chakula. Zikigeuka nyeusi umezichoma, tupa.

Kontena likae chini ya kabati la ndani, lisilogusa ukuta wa nje, mbali na jiko na dirisha. Fungeni wakati wa ukame wa hewa, siyo katikati ya masika, kwani hewa utakayoifungia humo ndiyo diski zitakayokaa nayo. Ukungu si hadithi: mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza fangasi aliyekuwa akila CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu.

Choma nakala mbili, kwa diski za misimbo miwili tofauti, ili kasoro ya kiwanda kimoja isizichukue zote. Moja ibaki Tanga, nyingine iende kwa ndugu aliye bara kwenye hewa kavu. Dodoma panafaa sana. Kila Juni, masika yakishapita, toa diski tatu au nne za umri tofauti, uzipime na ulinganishe na daftari. PIE ikiwa imepanda maradufu tangu siku ya kuchomwa, nakili sasa shehena yote ya msimbo ule, ingali inasomeka.

DRAIVU IKIKATAA

Ujumbe wa kushindwa kupima nguvu ya leza hutokea mwanzoni kabisa, na mara nyingi maana yake ni diski isiyojulikana, umeme hafifu au lenzi chafu. Jaribu msimbo mwingine, kisha waya mwingine, kisha lenzi. Lenzi isafishwe kwanza kwa hewa. Ikibidi, pamba ya sikio iliyoguswa kidogo na spiriti ya isopropili, bila kukandamiza, kwani inaning'inia kwenye nyuzi nyembamba kama unywele. Diski za kusafishia zenye brashi ziepuke.

Ikisoma DVD na kukataa Blu-ray, mara nyingi leza ya bluu imekufa. Haitengenezeki kwa gharama yenye maana. Diski ikikwama ndani, zima umeme, nyoosha kibanio cha karatasi, kiingize kwenye kitundu kidogo cha mbele na usukume taratibu hadi trei itoke.

Nunua draivu ya akiba mapema, wakati bado ziko madukani. Ijaribu, kisha ifungie kwenye kontena lake lenye silika jeli kama diski zenyewe, pamoja na adapta, waya wake na nakala ya femuwea. Itoe kila mwaka, ichome diski moja, ipime, uirudishe. Grisi ya reli zake hukauka ikikaa bila kazi, na trei isiyofunguka ndiyo dalili ya kwanza.